Nauli ya Kwenda Kucheza

Basi liliniteremsha Keroka saa kumi na moja alfajiri, likashika njia ya Kisii mjini, taa zake za nyuma zikamezwa na ukungu. Tulikuwa tumetoka Nairobi usiku, tukapita Narok, Bomet na Sotik, na tangu tuiache Chebilat barabara ilikuwa ikipanda na kupinda, baridi ikipenya kila mwanya wa dirisha. Mimi mtu wa Mombasa. Shati nililovaa lilikuwa la joto la pwani. Mama mmoja aliyekuwa akipuliza makaa kando ya steji alinitupia jicho mara moja tu, akavuta kigoda, akakisogeza karibu na jiko.

"Keti hapa, mwanangu. Chai inachemka."

Chai ya Keroka huinywi hivi hivi. Majani yake yamechumwa kwenye vilima vilevile ulivyovipita gizani bila kuviona, yakasagwa katika viwanda vya jirani kama Nyansiongo, Kebirigo na Sanganyi. Ilikuwa nzito, yenye maziwa mengi, na kikombe cha pili nilimiminiwa kabla sijaomba. Palipoanza kupambazuka niliona mji ulivyo: barabara kuu moja, maduka kulia na kushoto, marundo ya ndizi yakishushwa kutoka kwenye pikapu, na nyuma ya maduka vilima vya kijani vilivyokatwakatwa vishamba vidogo hadi kileleni.

Nikamuuliza lile swali la kila mgeni. Mama, hapa ni Kisii au ni Nyamira?

"Unauliza ya soko au ya mpira?" akasema. "Ya soko, muulize anayekuja kukusanya ushuru. Ya mpira, sisi wote hapa ni Shabana."

Jibu hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Mpaka wa kaunti hizi mbili unapita katika mji wa Keroka wenyewe, na tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013 pande hizo mbili zimekuwa zikivutana juu ya nani akusanye ushuru wa soko hili. Wafanyabiashara wamelalamika mara nyingi kwamba hutozwa mara mbili. Zamani, kwa miaka mingi, Gusii yote, yaani Kisii na Nyamira, ilikuwa wilaya moja na uwanja wake mmoja mkubwa, Gusii Stadium, ukiwa Kisii mjini. Ushuru umegawanyika. Timu haikugawanyika.

Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya timu. Nimekulia katika nyumba ambamo jina la Feisal lilitajwa kama jina la marehemu mpendwa. Ligi ya taifa ya Kenya ilipoanza mwaka 1963 bingwa wa kwanza alikuwa Nakuru All-Stars, na mwaka 1965 kombe likaja Mombasa, mikononi mwa Feisal. Baba alikuwa kijana mdogo. Mpaka uzeeni aliweza kukuonyesha kwa vijiti vya kiberiti, juu ya meza ya kulia, nani alisimama wapi. Leo ukitaja Feisal mbele ya vijana wa Mombasa, wadhani wataja mtu. Kwa hiyo nilipomwona kijana wa Kigusii anayeuza ndizi soko la Kongowea amevaa jezi ya Shabana, akanieleza kuwa timu yao imerudi Ligi Kuu baada ya miaka 17, nilisimama pale na kikapu changu nikamsikiliza hadi akamaliza. Timu za miji midogo hufa. Hilo nalijua tangu utotoni. Sikuwahi kuona inayorudi. Nikamuuliza niende wapi nikajue ilivyokuwa. Nilitarajia aseme Kisii mjini. Akasema, "Nenda Keroka. Kisii wana uwanja. Sisi tuna safari."

*

Fundi cherehani niliyeelekezwa kwake ana kibanda cha mabati upande wa juu wa barabara. Juu ya cherehani yake pananing'inia jezi za rangi zote zikisubiri kushonwa makwapa, na ndiyo maana watu wote wa mpira wanamfahamu. Nilimwita *omogaka*, mzee, kama nilivyofunzwa na yule kijana wa Kongowea, naye akanijibu kwa kunishika mkono kwa mikono yake miwili na kutouachia mpaka alipokwisha kuniuliza habari za nyumbani, za njia na za mvua ya Mombasa.

Shabana ilianzishwa Kisii mwaka 1980, chini ya mkono wa duka la vifaa vya ujenzi lililoitwa Shabana. Yaani wale waliouza misumari, mabati na saruji ndio waliowapa vijana jezi na jina. Zama hizo ndivyo timu nyingi zilivyopata riziki: kiwanda cha sukari kina timu yake, kampuni ya bia ina timu yake, bandari ina timu yake. Ya Gusii ilikuwa ya duka. Fundi alikuwa kijana wa kubeba mizigo wakati huo. Anasema ukipita dukani siku ya Jumatatu hukusikia bei ya misumari, ulisikia mpira tu.

"Motego," akasema, na akaacha kukanyaga cherehani. "Henry Motego. Ulimwona?"

Nikamwambia nilimsikia redioni tu. Mshambuliaji huyo alitoka Shabana akavaa pia jezi ya timu ya taifa, Harambee Stars, na huku jina lake halihitaji maelezo. Hutamkwa peke yake, kisha watu hunyamaza kidogo. Fundi alinyanyuka, akasukuma kigoda kwa kisigino, akanionyesha jinsi alivyokuwa akigeuka na beki mgongoni: bega la kushoto linashuka, mguu wa kulia unabaki nyuma ya mpira. Mzee wa miaka zaidi ya 60, katikati ya vitambaa, na yale mabega yalikumbuka kila kitu. Nilimwona baba na vijiti vyake vya kiberiti.

Mashabiki wa Shabana huitana kwa maneno mawili ya Ekegusii: *Tore Bobe*. Neno kwa neno ni "tuko vibaya". Mgeni huweza kudhani ni kilio. Lakini vijana wa Nairobi wakisema "tuko mbaya" hawamaanishi kwamba wanaumwa. Wanamaanisha jihadhari nasi. Fundi ana maelezo yake mwenyewe ninayoyapenda zaidi. Anasema miaka ile ya utukufu waliyatamka kwa maana ya pili, walipoanguka wakayatamka kwa maana ya kwanza, na hawakuhitaji kubadilisha wimbo.

Walianguka mwaka 2006. Naona ni vyema tuutazame mwaka huo kwa makini, maana bingwa wa ligi mwaka huohuo alikuwa Sony Sugar, jirani yao wa Awendo katika Migori. Kusini-magharibi ya Kenya ilimtoa bingwa na ikampoteza mwana katika msimu mmoja. Shabana wakashuka kwenye ligi za chini, mahali ambapo magazeti hayafiki. Miaka michache baadaye fedha za televisheni zikaingia Ligi Kuu. Wao walikuwa wameshatoka mlangoni.

*

Watu husema timu hufa kwa kukosa vipaji au kwa uongozi mbovu. Vipaji Gusii haijawahi kukosa, na uongozi mbovu unaweza kuishi nao miaka mingi. Kinachoua ni nauli.

Fikiria hesabu yenyewe. Wachezaji 18, kocha na msaidizi wake, daktari, mtunza jezi. Hapo umeshajaza matatu moja na nusu. Ukiwa ligi ya kaunti, unasafiri mlima mmoja hadi mwingine. Ukipanda hadi Supa Ligi ya Taifa, ambayo iko daraja moja tu chini ya Ligi Kuu, unasafiri nchi nzima kama wakubwa, ila hupati kinacholingana na cha wakubwa. Mechi ya ugenini ikiwa mbali, utalala huko, ukilala, utakula. Mechi ya nyumbani nayo ina gharama zake: katika ligi za chini mara nyingi mwenyeji ndiye humlipa refa na wasaidizi wake, na gari la wagonjwa lisipokuwa uwanjani mechi haichezwi. Ukishindwa kufika mara moja, mwenzako anapewa pointi tatu na mabao. Ukishindwa mara tatu, unafutwa.

Sony Sugar, wale mabingwa wa 2006, ndivyo walivyoondoka. Mwaka 2019, kiwanda kikiwa taabani kifedha, timu haikufika katika mechi tatu, ikatolewa Ligi Kuu. Mwaka huohuo SportPesa, iliyokuwa mdhamini mkubwa wa soka ya Kenya, ikaondoa fedha zake zote. Na wala si Afrika tu. Mwezi Agosti wa mwaka huohuo, Uingereza iliitoa katika ligi klabu ya Bury, iliyoanzishwa mwaka 1885 na kutwaa Kombe la FA mara mbili, mwaka 1900 na 1903, kwa sababu mmiliki wake hakuweza kuthibitisha kwamba ana fedha za kuendesha msimu. Watu wa Bury wakaanza upya katika ligi za chini, kwa michango yao wenyewe. Nilimsimulia fundi habari hizo. Alinyamaza akipitisha uzi katika tundu la sindano, kisha akauliza swali moja tu: hao wa Bury, safari zao ni kilomita ngapi?

Yeye mwenyewe aliifuata Shabana katika miaka ya giza. Hakuna aliyekuwa akihesabu watu uwanjani wakati huo. Alikuwa akishona jezi bila malipo, na katika jezi hizo alijua hali ya timu kabla ya mtu mwingine yeyote. Jezi ikiletwa na namba iliyobanduka, akaombwa abandike namba ya mchezaji mwingine juu yake, alijua hawana fedha za seti mpya. Ikiletwa seti nusu, alijua wachezaji wameondoka. Kuna msimu alishona namba 7 kwenye fulana tatu za rangi zinazokaribiana, akalia. Nimeandika alivyosema.

Siku hiyo alasiri, nikishuka kutoka kwa fundi, nilifikiri juu ya jambo lililonisumbua. Gusii hii ndiyo iliyompeleka Nyandika Maiyoro kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, na ndiyo iliyomzaa Naftali Temu, aliyeipatia Kenya medali yake ya kwanza kabisa ya dhahabu ya Olimpiki, mita 10,000, Mexico mwaka 1968. Kwa nini basi watu hawa wakateseka na mpira miaka 17, wakati riadha iliwapenda? Nadhani jibu liko katika ile hesabu. Mkimbiaji anahitaji miguu yake na barabara, na barabara za kupanda huku ni za bure. Timu inahitaji gari. Ukipenda mpira, umekubali kuwategemea watu wengine, kila wiki, maisha yako yote.

*

Jumamosi nilikwenda kutazama timu isiyojulikana popote nje ya vilima hivi. Sitaitaja jina, kwa sababu waliniomba hivyo: wana deni la jezi, na mwenye duka husoma magazeti.

Uwanja wao ni wa shule ya msingi, mwendo wa nusu saa kutoka mjini, upande ambao sikuweza kujua ni wa kaunti gani. Milingoti ni ya mikaratusi isiyomenywa vizuri. Maganda bado yananing'inia. Mistari imechorwa kwa majivu ya jikoni. Uwanja umeinama kuelekea kusini, kiasi kwamba timu inayoshambulia kwenda juu hucheza kana kwamba inabeba magunia, na golikipa wa chini hana raha, kwani mpira ukimpita hausimami hadi uingie katika shamba la chai. Kuna mtoto aliyepewa kazi ya kuufuata. Anajua njia kati ya michai kwa macho yaliyofumbwa.

Kwa nini wasitafute mahali pa tambarare? Kwa sababu hapana. Katika sensa ya mwaka 2019 Kisii ilikuwa na zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita moja ya mraba. Ardhi imegawanywa kwa wana, na wana wa wana, mpaka vishamba vimekuwa kama vitambaa vya yule fundi. Kipande chochote kinachokaribia kuwa tambarare kina mahindi, migomba au nyumba. Viwanja vilivyobaki ni vya shule na vya kanisa, navyo vinaliwa pembeni: darasa jipya hapa, choo pale, ua wa jirani unaosogea hatua moja kila msimu wa kulima. Mwalimu mmoja alinionyesha kisiki kilichokuwa mlingoti wa kona alipokuwa mwanafunzi. Sasa kiko katikati ya viazi vitamu.

Hili linaniuma kuliko kushuka ngazi. Timu ikishuka inaweza kupanda. Uwanja ukilimwa, sijasikia umerudi.

Kando ya mstari palikuwa na watoto watano wakicheza mpira wao, na mpira huo ulinivutia nikawaacha wakubwa. Nilimwomba mmoja anionyeshe unavyotengenezwa. Alikimbia nyuma ya jiko la shule, akarudi na magome ya mgomba yaliyokauka, rangi ya kahawia, membamba kama karatasi. Akafinyanga bonge dogo, akalizungushia gome refu, akaligeuza, akalizungushia tena kwa kukata ile njia ya kwanza, akilikandamiza kifuani kila mara. Mdogo wake alishika kamba ya katani kwa meno. Walipofikia ukubwa wa papai dogo wakaanza kufunga: kamba inapita, inafanya fundo, inapita upande wa pili, hata ikawa wavu mzima wa vijumba vidogo. Dakika kumi hivi. Akaudundisha. Haukuruka sana, lakini uliruka. Sisi Mombasa tulitumia mifuko ya plastiki, na tangu Kenya ipige marufuku mifuko hiyo mwezi Agosti 2017 watoto wa pwani wamekuwa wakihangaika na matambara. Huku mgomba haujapigwa marufuku.

Timu ya wakubwa imekufa mara mbili. Mara ya kwanza walipewa seti nzuri ya jezi wakati wa kampeni, wakacheza mashindano ya mgombea kwa wiki tatu, uchaguzi ukapita, na jezi zikabaki bila nauli ya kuzipeleka popote. Mara ya pili ni Corona. Machi 2020 shule zilifungwa na michezo ikasimamishwa, na waliotawanyika kutafuta vibarua hawakurudi wote. Hata kabla ya hapo walikuwa wanashindana na vibanda vya video. Jumamosi alasiri Arsenal wakicheza London, kibanda cha Keroka kinajaa hadi mlangoni, na vijana wengine wamekaa na simu mkononi wakiwa wamebeti kwa mechi za nchi wasizoweza kuzionyesha kwenye ramani. Sina neno dhidi ya Arsenal. Ila nilihesabu watazamaji pale shuleni: 43, pamoja na mimi na mtoto wa kwenye michai.

Walirudi baada ya Shabana kurudi, na hawaoni hayo kuwa mambo mawili.

Kurudi kwenyewe kulikuja kwa njia isiyotarajiwa. Gusii Stadium ilikarabatiwa kwa ajili ya sherehe za kitaifa za Mashujaa tarehe 20 Oktoba 2020, rais alipokuja Kisii, na sherehe zilipokwisha uwanja ukabaki. Kisha Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, baada ya serikali kulivunja Shirikisho la Soka Kenya mwezi Novemba uliotangulia, na kifungo hicho hakikuondolewa hadi mwisho wa Novemba 2022. Msimu wa Supa Ligi uliofuata ulichelewa kuanza. Na katika msimu huo, timu ambayo watu walikwisha kuizoea kama mgonjwa wa nyumbani ikaondoka kitandani. Mwaka 2023 Shabana ilipanda Ligi Kuu pamoja na Murang'a SEAL. Keroka, naambiwa, pikipiki zilipiga honi kutoka Metamaywa hadi sokoni, na yule mama wa chai aligawa mandazi mpaka sinia likawa tupu. Nilipomuuliza alisema ni kweli, na kwamba hakujuta hata andazi moja.

Wiki chache baadaye, waendesha bodaboda wawili walikwenda kumwona mwalimu mkuu kuomba uwanja.

*

Jumapili tulikwenda Gusii Stadium. Gari aina ya Probox lilijaa kama yanavyojaa huku, wanne mbele pamoja na dereva na wengine sikuwahesabu, tukateremka kupitia Keumbu tukiimba. Yaani wao waliimba, mimi nilipiga makofi. Mwanamke aliyekaa karibu nami alikuwa na mtoto mgongoni na mkungu wa ndizi miguuni. Ndizi ndizo nauli yake, akanieleza. Ataziuza mlangoni, aingie, na akirudi jioni hana senti iliyotoka mfukoni.

Mechi yenyewe imeandikwa na wanaoandika mechi. Kilichonibaki akilini ni mzee aliyeketi safu ya mbele yangu, kofia ya sufu, redio ndogo imebanwa sikioni. Alikuwa akisikiliza matangazo ya Ekegusii ya mechi ileile iliyokuwa mbele ya macho yake. Mara kwa mara alifumba macho kabisa, wakati mpira uko hatari langoni, akatabasamu kwa kilichosemwa. Nilivumilia hadi mapumziko, kisha nikamwuliza, *omogaka*, mbona wafanya hivyo na mpira huu hapa?

Akaishusha redio, akaifuta kwa kiganja. Akasema miaka yote ile ya chini hakuna aliyetangaza mechi zao. Alikuwa akimpigia simu mtunza jezi jioni kuuliza matokeo, na mara nyingine simu haikupokelewa, akalala bila kujua. Sasa majina ya vijana yanatajwa hewani, moja baada ya jingine, na jina la baba zao, na kijiji wanakotoka. "Macho yangu yanaona," akasema. "Lakini nataka nisikie wakitajwa."

Akairudisha sikioni.

*

Tulirudi Keroka wakati wa magharibi. Watu walishuka steji wakiwa wamekauka sauti, na pale, kati ya Probox moja na nyingine, alisimama mweka hazina wa timu ya ule uwanja ulioinama. Nilimtambua kwa jaketi lake la bodaboda. Mkono mmoja alishika mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kasuku uliotobolewa kifuniko, mwingine daftari la miraba. Wiki ijayo wana mechi ya ugenini upande wa Nyansiongo, na gari linataka nusu ya fedha mapema.

Alikuwa amechagua saa yake vizuri. Watu wanaotoka kuitazama timu kubwa hawawezi kuinyima timu ndogo mbele ya wenzao. Shilingi 20, shilingi 50, mama wa ndizi akatoa 30 katika alizouza. Fundi cherehani hakutoa fedha. Aliandikiwa "jezi 4, makwapa". Nikaomba nilione daftari. Kila ukurasa ulikuwa na mstari mmoja wa rula katikati, kutoka juu hadi chini, na juu yake maneno mawili: kushoto Kisii, kulia Nyamira.

"Ni ili washindane," akasema mweka hazina. "Upande mmoja ukizidiwa, kesho yake wanaleta."

Nikajumlisha kwa macho chini ya taa ya duka la dawa. Jioni hiyo Nyamira ilikuwa mbele kwa shilingi 70, na habari hiyo ilikuwa imeanza kuenea. Kijana mmoja aliyekwisha kutoa alirudi kutoka ng'ambo ya barabara na noti ya 100 imekunjwa mara nne, akaitia mkebeni bila kusema neno, akasimama kuhakikisha imeandikwa upande wake.

Nikatoa 500. Mweka hazina akaipokea kwa mikono miwili, akainamia daftari juu ya boneti ya gari, akaweka kalamu kushoto, akaiinua.

"Bwana mgeni, nikuandike Kisii au Nyamira?"

Nikamwambia mimi natoka Mombasa. Akaufikiria ukurasa kidogo. Kisha akamwomba fundi futi yake ya chuma, akailaza kwenye ukingo wa kulia palipobaki nafasi ya vidole viwili, na akapiga mstari wa pili.